Mpini wa Kisima Kitamu

Ofisi imeniomba niwaandikie machache ninyi mliobaki maabara na ninyi mnaozunguka na pikipiki, maneno ya kuwatia moyo. Nimeyatafuta siku nyingi, nimeyakosa. Nilicho nacho ni hasira, na imekaa jikoni muda mrefu, imeiva. Basi nitawapa hiyo. Habari za vyeo na mishahara waulizeni wengine, wapo wanaopenda kuzisimulia.

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba yangu alikuwa koplo hapa Mbarara, na sisi watoto wa mabanda ya askari tulikua tukisema Kiswahili kwa sababu mama wa huyu alikuwa Mteso, wa yule Mlugbara, wa mwingine Mnyankore, na ugomvi wa bombani unahitaji lugha moja. Kiswahili chetu kilikuwa cha amri na matusi. Hiki ninachoandika nilikipata baadaye, vitabuni na kwa Wakongo wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambao walinicheka kwanza ndipo wakanifundisha. Ndio walionipa jina la Mama Chupa, kwa ajili ya chupa za sampuli nilizokuwa nikifunga nyuma ya pikipiki. Mchungaji mmoja mgeni alilisikia jina hilo akanihubiria ubaya wa pombe kwa muda mrefu sana kabla mtu hajamweleza.

Nilianza kazi mwaka 1996, nikiwa na cheti kipya cha maabara na viatu vyeupe visivyofaa popote katika wilaya ile. Mradi wetu wa maji ulikuwa na chumba kimoja nyuma ya karakana ya pampu. Aliyenipokea alikuwa Sajini Opio, fundi mkuu wa visima, mtu aliyestaafu jeshi katika kikosi cha uhandisi lakini bado alipiga pasi kaptula yake kila asubuhi. Aliniwekea mezani kikombe cha chai ya rangi. Ilikuwa nyeusi ya wino, na juu yake palielea utando unaong'aa.

"Kunywa," akasema.

"Afande, hii chai imepatwa na nini?"

"Kunywa kwanza. Kuuliza nakuja nyuma."

Nikanywa. Ilikuwa na ladha ya msumari. Sajini akacheka hadi akashika meza, kisha akaniambia, "Hiyo ni chuma. Majani ya chai nakutana na chuma ndani ya maji, nakuwa nyeusi namna hii. Wewe iko na mashine yako, sawa. Lakini mashine naharibika, betri nakwisha, dawa nachelewa Kampala. Chai iko kila nyumba."

Tangu siku hiyo sijawahi kufika kwenye kisima kipya bila majani ya chai mfukoni. Wenzangu wa maabara walinicheka, na mimi niliwaacha wacheke, maana dawa zao zilikuwa zinachelewa Kampala kweli.

Wiki hiyohiyo alinipeleka Bwizibwera, kwenye kisima cha pampu ya mkono, kile ambacho watu wa huku wanakiita nayikondo. Wachuuzi wa maziwa walikuwa wanasuuzia mikebe yao pale, na mikebe ikawa inabaki na duara la rangi ya kutu ndani, wanunuzi wakakataa maziwa. Ofisi yetu ilikuwa imeshatoa jibu: ni mwamba. Sajini alinifikisha alfajiri kabla mtu yeyote hajagusa pampu, akaniambia nisukume bila kupumzika. Jerikeni za kwanza zilitoka nyekundu. Nikaendelea kusukuma, na maji yakaanza kufifia rangi, yakawa ya njano, yakawa meupe.

"Sasa niambie," akasema. "Mwamba nabadilika rangi kwa nusu saa?"

Hilo liandikeni kichwani, maana mtalihitaji mara nyingi kuliko mashine yoyote. Kama chuma kinatoka katika mwamba, maji ni mekundu asubuhi, mchana na jioni. Kama ni mekundu asubuhi tu, yakisukumwa yanasafika, basi chuma kinatoka katika mabomba yenu wenyewe. Vilima vyetu vya Mbarara na Isingiro ni vya mawe makongwe yasiyo na chokaa, na maji yanayopita humo ni mepesi na yana uchachu kidogo. Yanapolala usiku ndani ya bomba la chuma lililopakwa zinki nyembamba, yanalila. Tulipoyang'oa mabomba ya Bwizibwera yalikuwa yametoboka, ukiyainua unaona jua kwa ndani.

Nilirudi ofisini nikiwa na furaha ya mgeni wa kazi, nikamweleza mkuu wa mradi. Jina lake sitalitaja, nitamwita Injinia, kama tulivyomwita sote. Alinisikiliza vizuri, akanishukuru, na mwezi uliofuata tukapokea shehena nyingine ya mabomba yaleyale. Yalikuwa ya bei nafuu, na mwamba hauandiki barua ya kujitetea. Kwa miaka mingi kila lililoharibika katika visima vyetu lilikuwa kosa la mwamba, na mimi niliambiwa nipunguze ubishi.

Katika miaka hiyo Nakivale ilikuwa inajaa. Wakongo wa Kivu ya Kusini walikuwa wanafika kwa makundi, wengine wamezunguka Burundi na Tanzania wakaingilia mpakani Kikagate, wana sufuria moja, Biblia na mbegu za maharage zilizofungwa kwenye kitambaa. Watu wa jembe hao. Ukiwapa kipande cha jiwe watakuuliza jiwe lingine liko wapi ili wapate kona ya kupanda vitunguu. Nami nilihamishiwa huko kupima maji.

Kijiji ninachotaka kuwaeleza kilikuwa upande wa vilima, mbali na ziwa, na kilikuwa na visima viwili. Cha kwanza kilichimbwa kwa mashine, kirefu, chini karibu na bonde, na maji yake yalikuwa mekundu. Watu walikiita Chekundu. Cha pili kilikuwa kifupi, juu begani mwa kilima, maji yake meupe na baridi, chai yake inatoka rangi nzuri ya kahawia inayong'aa. Hicho walikiita Kitamu.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Kabla ya wakimbizi, begani mwa kilima kile palikuwa na boma la wafugaji wa Kinyankore. Si boma la mwaka mmoja. Kila asubuhi samadi ilifagiliwa kutoka zizini ikarundikwa mlangoni, baba kwa mwana kwa mjukuu. Boma lilipohama, udongo ulibaki mweusi, na hata kiangazi kikali majani yake yalikuwa ya kijani. Haikuwa siri. Wakulima walipigania viwanja vya pale, wakalima mahindi, maharage na lengalenga, mchicha wa Kikongo, bila kununua mbolea hata kiganja. Na mpimaji wa mradi, aliyekuwa amezoea kutafuta maji kwa kufuata majani mabichi ya kiangazi, aliona kijani kile akapiga kigingi chake katikati.

Majani yale hayakuwa yanaonyesha maji. Yalikuwa yanaonyesha samadi. Samadi ikioza miaka mingi inaacha aina ya chumvi inayoitwa naitreti. Mmea unaipenda. Lakini kila jembe lilipofumua udongo ule na mvua ya kwanza ikanyesha, sehemu iliyobaki iliteremka na maji. Mahali penye udongo mzito wa mfinyanzi ingechelewa njiani. Pale, chini ya udongo mweusi, pana jiwe gumu jeupe lililopasukapasuka kama sahani ya zamani, na maji yanapita kwenye nyufa moja kwa moja hadi kisimani. Naitreti haina rangi wala harufu, na ulimi hauitambui. Chai yake ni nzuri sana.

Mimi niliomba dawa ya kupimia naitreti. Nikaomba tena. Sanduku letu la vipimo lilikuwa na dawa ya kutafuta vijidudu vya choo na dawa ya klorini, basi. Kitamu kilifaulu vipimo vyote viwili, na kilipofeli tulimwaga klorini kikafaulu. Injinia aliniuliza kwa upole kwa nini natafuta ugonjwa katika kisima ambacho watu wanakisifu.

Kisha ikaja habari ya kanzu. Kwaya ya kanisa la pale ilikuwa imeshonewa kanzu nyeupe, zimechangiwa na kila nyumba, na akina mama wakazifulia Chekundu kwa sababu Kitamu kilikuwa na foleni. Zilitoka na madoa ya kutu kifuani na mgongoni, siku chache kabla ya Pasaka. Kijiji kizima kilivimba. Mchungaji akaongoza ujumbe hadi kwetu, akiwa amebeba kanzu moja mikononi, akaikunjua mezani kwa Injinia.

"Muangalie, Papa Injinia," akasema. "Maji yenye inaharibu nguo namna hii, ndani ya tumbo inafanya nini?"

Nikasema mbele yao wote kwamba chuma kile hakiui mtu, kwamba nusu yake ni mabomba yetu, tubadilishe mabomba kanzu zitakuwa nyeupe. Nikasema pia kwamba kisima cha kuogopa ni kile kinachonyamaza. Walinitazama kama mtu anayetetea mwizi. Wiki iliyofuata mradi ulipeleka saruji ukaziba Chekundu, kwaya ikaimba ya shukrani, picha zikapigwa. Kijiji chote kikabaki na Kitamu.

Nina hasira hadi leo nikiandika hivi. Si kwa mchungaji. Yeye alikuwa na macho tu, na macho yalimwambia nyekundu ni mbaya. Nina hasira kwa watu waliolipwa kujua zaidi ya macho.

Baada ya msimu au miwili nilianza kusikia maneno. Vitoto vya pale, si vingi, vilikuwa vinakufa vikiwa vichanga, na wazazi walisema ni moyo. Wengine walisema ni jirani. Hakuna aliyesema maji, kwa sababu maji yalikuwa meupe. Siku moja nikiwa najaza chupa zangu Kitamu, mwanamke mzee wa makamo alinijia akiwa na mtoto mgongoni. Kijiji kilimwita Koko, ndiyo bibi kwa Wakongo wa kwao. Binti yake alikuwa amefariki kwa uzazi, akamwachia mjukuu wa kike, Asifiwe.

"Mama Chupa, uko na njia ya kufika ku munganga ya hospitali? Huyu mutoto anabadirika rangi."

Akamshusha. Midomo ya mtoto ilikuwa ya kijivu na bluu, kucha vilevile, na alikuwa analala usingizi usiofaa kwa saa ile. Lakini hakuwa na homa, wala hakuhara.

"Anakula nini?" nikamuuliza.

"Maziwa ya ng'ombe. Nanunua kwa bale bafugaji. Lakini ni nzito kwa mutoto, njo naongeza na maji mingi."

"Maji gani?"

Alinitazama kwa mshangao, maana tulikuwa tumesimama penyewe. "Ya hapa. Kitamu. Na usifikiri nampatia hivi hivi. Nachemsha! Batu ba santé, bale ba afya, balituambia tuchemshe, miye nachemsha sana. Naacha ku moto mupaka inabakia nusu ya sufuria."

Kuchemsha kunaua vijidudu. Naitreti haichemki ikaondoka. Maji yanapanda na mvuke, yenyewe inabaki chini na kuwa nzito zaidi. Koko alitii kuliko wote kijijini. Kadiri alivyochoma kuni kwa ajili ya mjukuu wake, ndivyo alivyomwongezea sumu, na sisi ndio tuliobandika mabango ya kuchemsha.

Sikumweleza pale. Niliwapakia wote wawili kwenye pikipiki, chupa nikaziacha chini, hadi barabarani, ambako tulipata lori la maharage lililokuwa linakwenda Mbarara. Dereva alikuwa mtu mwema, hakuuliza nauli. Hospitalini kulikuwa na daktari kijana. Alitoa damu kidogo kwa sindano, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akaitikisa. Haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya rangi ya kakao.

"Mtoto huyu anakunywa maji ya wapi?" akauliza. Nilitaka kumkumbatia. Katika miaka yangu yote, huyo alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza swali hilo bila mimi kumlazimisha.

Dawa yenyewe ina rangi ya bluu, mtaona kichekesho chake siku mkiiona. Walimtia mshipani polepole. Koko alikuwa ameshika mguu wa mtoto, anaomba kwa Kifuliru, lugha ya kwao, na mimi nilikuwa namtazama midomo. Ile rangi ya jivu ikaanza kuondoka pembeni, ikaja ya waridi, na Asifiwe akalia kwa sauti ya kuudhi wodi nzima. Ndipo daktari akaeleza juu ya maji, juu ya samadi, na kwa nini wachanga ndio wanaopatwa, maana damu yao bado haijajua kujitetea, na mtu mzima anaweza kunywa asidhurike. Akaeleza pia habari ya kuchemsha.

Koko akanigeukia mimi, si daktari.

"Mulituambia tuchemshe."

"Ndiyo, Koko."

"Bale batoto bengine," akasema. "Bamama yabo balichemsha pia."

Alilia kwa ajili ya watoto wa majirani, wake akiwa salama mapajani.

Niliazima dawa ya naitreti katika maabara ya rafiki mjini, nikarudi Kitamu, nikapima. Maji yale yasiyo na rangi yakawa ya waridi, yakakolea, yakapita alama ya mwisho ya kipimo. Nikapima tena baada ya mvua, ikawa vilevile. Nikaingia kwa Injinia nikiwa na mrija wenyewe wa kipimo mkononi, sikutaka kumpa nafasi ya kusema hakuona.

Akauona. Akasema ni mwamba.

Nikamwambia mwamba haunyi. Ndiyo, nililitumia neno hilo, na Sajini Opio alilisikia akiwa karakana akaangusha spana. Injinia akafunga mlango. Akaniambia kwamba watoto wa wakimbizi wanakufa kwa mambo mengi, kwamba wageni waliotoa fedha za kisima wanakuja kukitazama, kwamba jina lao limeandikwa pale kwenye saruji. Hakuwa mtu mkali. Aliniambia yote hayo kwa sauti ya kunionea huruma, na huruma ile ndiyo niliyoshindwa kumsamehe.

Koko hakusubiri ofisi. Aliporudi kijijini alipita nyumba kwa nyumba, na kila mama mwenye mtoto mchanga akaanza kuteremka hadi ziwani, mwendo mrefu, kurudi na maji ya matope yenye vijidudu vyake. Foleni ya Kitamu ikawa fupi. Habari zikafika ofisini kwamba kisima cha wageni kinasusiwa, na Injinia akaitisha mkutano palepale kisimani, asubuhi, watu wote.

Alikuja na gari, na bilauri ya kioo kutoka nyumbani kwake. Mchungaji alikuwepo, kwaya ilikuwepo, Sajini na mimi tulisimama nyuma na sanduku la vifaa. Injinia akasukuma pampu mwenyewe, akajaza bilauri, akainyanyua juani.

"Munaona? Iko safi kama kioo. Kuna mtu nasema maji hii ni mbaya. Sasa mimi nakunywa mbele yenu." Akanywa yote. Akajaza nyingine, akanywa. "Nimekufa? Niko sawa kabisa! Nyinyi musikilize wataalamu, musikilize maneno ya njiani hapana. Mimi naweza kudanganya watoto? Mimi pia ni babu sasa. Msichana yangu amezaa mwezi iliyopita, mtoto ya kwanza."

Watu wakapiga makofi kwa ajili ya mtoto, kama inavyopasa. Niliona nyuso zikilegea. Nilijua maji yale hayangemfanya chochote, hata angekunywa pipa, na nilijua kwamba mbele ya watu bilauri ile imenishinda. Nilifungua mdomo nikakuta nina matusi ya kambini tu.

Koko akatoka kwenye umati. Asifiwe alikuwa mgongoni, ananyonya kidole. Mkononi Koko alikuwa na biberon, chupa ya mtoto ya kunyonyea, ileile aliyokuwa akimnyweshea. Akaenda kwenye pampu, akasukuma, akaijaza, akaifunga na chuchu yake vizuri, akaipangusa kwa kitenge. Akampelekea Injinia kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa.

"Papa, félicitations, hongera kwa mujukuu. Umupelekee hii."

Injinia akacheka kidogo. "Asante, mama. Lakini mtoto iko mbali, iko Kampala."

"Haiwezi kuoza, ni maji tu. Iko safi, umesema. Weye ulikunywa, tumeona. Sasa mupelekee na yeye akunywe."

Hakuipokea. Alirudisha mikono nyuma, akaishika hukohuko. Koko akabaki amemnyoshea chupa. Injinia akatazama gari lake, akatutazama sisi, kisha akasema jambo ambalo nadhani alilisema bila kujisikia:

"Mtoto mdogo ni mambo ingine, mama."

Wakongo wale walikuwa wamesikia Kiswahili cha kila namna, cha askari, cha mipakani, cha ofisini. Hicho walikielewa chote. Alikuwa anajua. Tangu siku ya mrija, au kabla, alikuwa anajua, na alikuja na bilauri kwa sababu alijua maji yale yanawaacha watu wa umri wake. Mama mmoja aliyekuwa amezika mwanawe mwaka uliotangulia aliketi chini palepale kwenye matope ya kisima, hakulia, akaketi tu.

Mchungaji ndiye aliyetangulia kusogea. Alikuja kwetu, akamwomba Sajini spana, kwa adabu. Sajini akamjibu, "Hapana, Pasta. Wewe hujui hii kazi." Akaenda mwenyewe mbele ya mkuu wake, na kaptula yake iliyopigwa pasi, akafungua bolti, akachomoa mpini wa pampu. Akatazama huku na huku ampe nani. Koko akaweka biberon chini ya miguu ya Injinia, akaupokea mpini, akauweka begani kama jembe, akaenda nao nyumbani.

Chekundu kilifunguliwa kabla wageni hawajafika, saruji ikavunjwa kwa nyundo mchana kweupe, tukatia mabomba ya plastiki ambayo tulikuwa tumeambiwa miaka yote hayapatikani. Maji yakatoka karibu meupe. Kile chuma kidogo kilichobaki, cha mwamba kweli, kinakaa chini ya mtungi ukiacha maji yatulie hadi asubuhi. Wageni walipiga picha, Injinia akawaeleza jinsi mradi ulivyosikiliza jamii. Kanzu za kwaya hazikurudia weupe wake, lakini wanazivaa.

Yeye alipandishwa akaenda makao makuu. Mimi niliandikiwa barua ya onyo kwa lugha chafu, na nilistahili, neno lilikuwa chafu. Watoto waliozikwa hawakuandikiwa chochote, na hakuna mtu katika ofisi yetu aliyewahi kwenda kwa mama zao kusema samahani kwa niaba ya mabango yetu. Nilikwenda mimi na Sajini, kabla hajarudi kwao Tororo, na tulipokelewa kwa chai. Mnajua tulivyoitazama chai ile.

Basi ninyi mnaobaki, jifunzeni jiwe lililo chini na lililofanyika juu yake kabla hamjafika. Ulizeni zizi lilikuwa wapi. Ukiambiwa ni mwamba, sukuma pampu alfajiri kwanza. Na mtu akinywa maji mbele yenu ili mnyamaze, msitazame bilauri.

Mwaka 2015, wiki ya mwisho ya kazi, nilikwenda kijijini kuaga. Koko amezeeka, anatembea na fimbo, na Asifiwe ni msichana mrefu anayenisalimu kwa kunishika mikono yote miwili. Kitamu bado kipo begani mwa kilima, jina la wafadhili bado linasomeka, lakini pampu haina mpini. Mpini uko chini ya kitanda cha Koko, umefungwa kwenye gunia. Ofisi imeuomba mara nyingi, kwa mdomo na kwa maandishi, kwa maelezo kwamba ni mali ya mradi. Nami siku ile nilikuwa nimetumwa tena, kazi yangu ya mwisho, kuuchukua.

Nilimweleza hivyo, na nikamwambia pia kwamba sina haja ya kurudi nao. Koko alicheka, akamwambia Asifiwe aniwekee chai. Kisha akakaa sawa kwenye kigoda ili jibu lake nilibebe vizuri hadi Mbarara.

"Ubaambie mupango iko," akasema. "Miye siwezi kukatala kitu ya batu. Benye kutaka mpini, bakuje kuitwaa hapa. Lakini bakuje na mutoto wabo."